Mursik ya Kweli Haina Kibao: Namna ya Kuitafuta Kericho na Bomet

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Familia inayotoka Nairobi kwenda Kisumu inauliza isimame wapi njiani. Mwanafunzi mgeni wa Chuo Kikuu cha Kabianga anauliza kwa sababu wenzake humcheka kila akitaja maziwa lala. Bwana arusi mtarajiwa kutoka Pwani, anayekwenda kwa wakwe Bureti kwa mara ya kwanza, anataka kuonja mapema asije akakunja uso mbele za watu. Wote wanataka kujua jambo moja: katika nchi hii ya chai, mursik halisi inapatikana wapi?

Malalamiko nayo yanafanana. Mtu alinunua chupa stejini, akaifungua nyumbani, akakuta maji ya kijivu juu na masizi meusi yaliyotuama chini. Ladha ilikuwa ya mala iliyolala siku moja zaidi ya haki yake. Akaapa kwamba mursik ni kitu cha kusifiwa redioni tu wanariadha wanapotua uwanja wa ndege.

Jibu fupi ni kwamba alifuata kibao badala ya kufuata kibuyu. Jibu refu ndilo hili.

Kitu chenyewe ni kipi

Mursik ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa unga wa makaa ya mti maalumu. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa Kericho na Bomet, hukiita kibuyu hicho sotet. Vikiwa vingi ni sotonik. Mti unaopendwa zaidi ni senetwet, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya. Msafiri yeyote ameshauona bila kujua jina lake: kichaka chenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima, vichomozi vyake vikiwa vyeusi, kando ya barabara na kwenye nyua. Ukisugua jani lake kati ya vidole, linanukia kama bisi zilizotoka kwenye sufuria sasa hivi.

Kwa hiyo vitu ni vitatu: maziwa, kibuyu na makaa. Cha nne ni siku. Kimoja kikikosekana, kilichobaki kinaweza kuwa kinywaji kizuri tu, lakini si mursik.

Mala ya pakiti haina kosa lolote. Ni maziwa yaliyogandishwa kiwandani kwa chachu iliyochaguliwa, na eneo lenyewe lina kiwanda cha kampuni ya maziwa ya New KCC pale Sotik. Kosa ni kuuziwa mala iliyotiwa unga wa makaa ya jikoni kwa jina la mursik, tena kwa bei ya juu.

Waitalia wanalijua tatizo hili katika aiskrimu yao, jelato. Mgeni anayefika Florence hupewa onyo moja kabla hajafungua pochi: jelato ya pistachio ikiwa na kijani kinachong'aa, pita, pistachio yenyewe ikisagwa hutoa kijani kilichofifia, karibu na kahawia. Rangi ya kupendeza mno ndiyo inayomchongea mwuzaji. Kwenye mursik mambo ni hayohayo. Ile nyeusi tititi, ambayo mgeni hudhani ndiyo yenye dawa nyingi, mara nyingi ndiyo bandia.

Uende wapi

Anza kwa kuondoa mahali pasipofaa. Ndani ya mashamba makubwa ya kampuni, chai imetandaa hadi ukingo wa lami. Mandhari ni ya kupiga picha, lakini ng'ombe ni wachache na vibuyu ni vichache zaidi. Mursik iko kwa wakulima wadogo, kwenye boma lenye ekari moja ya chai, kipande cha majani ya nepia na ng'ombe wawili watatu.

Sehemu zinazostahili safari:

- Bureti, upande wa Litein, Kapkatet na Roret. Hapa chai ya wakulima wadogo na ng'ombe wa maziwa vinaishi ua mmoja.
- Belgut, upande wa Sosiot na Kabianga. Sosiot ni jina la mji, na ni jina lilelile la ufito wa kusafishia kibuyu utakaoelezwa hapa chini. Usipite bila kuuliza.
- Konoin, upande wa Mogogosiek. Ni juu, karibu na msitu wa Mau, na baridi yake hufanya maziwa yagande polepole. Mursik ya huku huwa laini, haikwaruzi koo.
- Kaplong, Silibwet na soko la Bomet mjini. Kaplong ni njia panda: huku Kisii, huku Bomet, kule Kericho. Wauzaji ni wengi, na wababaishaji nao ni wengi vilevile. Nunua baada ya kusoma sehemu ya maswali.
- Sigor, Chebunyo na kushuka kuelekea Mulot. Nchi ni kavu zaidi, na ng'ombe wa kienyeji bado wapo. Maziwa yao ni machache lakini yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, na tofauti utaisikia mdomoni.

Katika maeneo hayo, palipo na chai, mahali pazuri pa kuulizia ni kwenye kituo cha kupimia majani chai. Vijiji vinavyouza chai kwenye viwanda vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, vina kibanda hicho kando ya barabara. Wakulima hukusanyika na vikapu vyao wakingoja mzani na lori, na anayengoja ana muda wa maongezi. Wengi wao ni akina mama, na miongoni mwao hakosekani mwenye sotet nyumbani au anayejua jirani ambaye mursik yake inasifiwa.

Salimia kwanza. "Chamgei" inatosha kufungua mlango. Mwanamke wa makamo mwite mama. Aliye mkubwa kama bibi yako mwite kogo, naye atacheka akijua umefundishwa na mtu. Kisha uliza bila kuzunguka: nani hapa anajua kutengeneza mursik vizuri? Usiulize nani anauza. Ukiuliza nani anauza, utaelekezwa dukani. Ukiuliza nani anajua, watabishana wao kwa wao kidogo, halafu watakutajia mtu mmoja.

Hoteli ndogo za sokoni ni chaguo la pili, nazo si za kudharauliwa. Tafuta ile ambayo madereva wa matatu na walimu hula mchana, yenye kimyet, ule ugali wa wimbi, pamoja na isagek au mboga nyingine ya kienyeji. Palipo na kimyet kila siku, mursik nayo huzunguka haraka na haikai ikaharibika. Hoteli inayoandika mursik kwenye orodha ndefu ya vyakula, baina ya chipsi na pilau, ichukulie kwa tahadhari.

Uende lini

Miezi ya mvua maziwa huwa mengi na watu huwa wakarimu. Januari na Februari, wakati wa kiangazi, maziwa hupungua, bei hupanda na maji huingia kwenye mitungi kwa njia zisizoeleweka.

Desemba ni mwezi wa pekee. Ni likizo, ni msimu wa harusi, wa koito (sherehe ya kupokea posa) na wa kuwatoa vijana jandoni. Maboma huanza kujaza sotonik wiki kadhaa kabla. Ukialikwa kwenye koito, usiulize tena mahali pa kununua: nenda, kaa, na pokea kikombe kwa mikono miwili.

Maswali manne ya kumwuliza mwuzaji

Uliza kwa upole, kama mtu anayependa kujifunza. Anayejua kazi yake hufurahia maswali haya; asiyejua hukasirika au hujibu harakaharaka.

1. *Hii imekaa siku ngapi?* Siku 3 hadi 5 ndio mwanzo. Wengine huiacha wiki au zaidi. Akisema ni ya jana, hayo ni maziwa yaliyoanza kuchacha tu.
2. *Iligandia ndani ya nini?* Unataka kusikia sotet. Ujanja unaotembea sana ni kugandisha kwenye jerikeni la plastiki, kisha kumimina kwenye kibuyu cha maonyesho asubuhi ya soko. Omba kuonyeshwa kibuyu chenyewe, na ukichungulie ndani.
3. *Makaa ni ya mti gani?* Senetwet ndilo jibu la kawaida. Mwingine atakutajia mti mwingine wa kwao, na hilo si kosa, maana kila bonde lina mazoea yake. Kosa ni kusema "makaa tu".
4. *Maziwa yalichemshwa?* Swali hili linahusu afya yako zaidi kuliko ladha, na sababu inakuja.

Kuna la tano, lisilo la lazima: yeye mwenyewe anakunywa ipi? Wauzaji wengi wana sotet ya sokoni na sotet ya nyumbani.

Jikoni, saa moja kabla ya maziwa

Anayetaka kutofautisha ya kweli na ya kuigiza na aombe kuona kibuyu kikitayarishwa. Ni kazi ya kutazamwa kwa karibu, na mwenye nyumba akikubali, wewe leta kigoda ukae kimya.

Kibuyu huoshwa kwa maji moto, kikatikiswa na kumwagwa mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Kisha huinamishwa kikauke kabisa. Chembe ya unyevu ikibaki ndani, makaa hayatashika. Pembeni, vijiti vya senetwet vilivyokauka vimelala motoni na ncha zake zimekuwa nyekundu. Mama huchukua kijiti, hukiingiza mdomoni mwa kibuyu, na moshi mwembamba wa buluu hutoka taratibu ukipanda kando ya mkono wake. Hapo ndipo sosiot inapoingia: ufito mrefu wa mkindu, ncha yake imepondwapondwa ikawa kama brashi ngumu. Anaizungusha, anasugua, anasikiliza. Mwanzoni sauti ni ya kokoto, makaa yanavunjika. Dakika chache baadaye sauti inakuwa ya mchanga. Ikishakuwa kama ya kitambaa kikipita ukutani, kazi imekwisha, na ukuta wa ndani umekuwa mweusi, laini, unang'aa kidogo.

Unga uliozidi hukung'utwa nje. Hili ndilo jambo ambalo mwigaji halijui. Makaa yanayobaki ni yale tu yaliyoshika ukutani, na maziwa yakikaa humo siku kadhaa hujipaka rangi yenyewe, kidogo kidogo. Anayetia kijiko cha unga kwenye chupa ya mala na kutikisa hawezi kuupata ulaini huo, hata atikise hadi jioni.

Maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa ndiyo humiminwa, kifuniko kikawekwa, kibuyu kikahifadhiwa mahali pa giza na baridi. Hakiguswi wala kutikiswa mpaka siku yake.

Macho, pua, ulimi

Omba kuonja kikombe kidogo kabla ya kulipia. Hakuna mwenye mursik nzuri atakayekunyima.

*Rangi.* Kijivu chepesi chenye kuelekea buluu, sawasawa kote, labda na chembechembe ndogo za weusi. Nyeupe pe ni mala. Nyeusi ni masizi.

*Chini ya kikombe.* Subiri dakika mbili. Utando mwembamba wa weusi ni sawa. Tope ni ushahidi kwamba makaa yalitiwa baadaye.

*Uzito.* Kibuyu kisipotikiswa, maji ya maziwa hujitenga na mgando. Kikitikiswa, vyote hurudiana vikawa kitu kimoja kizito, kinachoteleza. Kikibaki na mabonge yanayoelea kwenye maji, ama maziwa yaliongezwa maji, ama yaliharibika kabla hayajaganda.

*Harufu.* Moshi kwanza, uchachu baadaye. Ikiwa harufu ya kwanza ni ya siki au ya jibini iliyosahauliwa, rudisha kikombe kwa adabu.

*Ladha.* Hapa watu wengi hupotoshwa. Mursik nzuri haiumi ulimi. Uchachu wake ni wa kiasi, kuna utamu wa mbali, na mwishoni kinabaki kitu kinachofanana na mti uliopita motoni. Ukisikia uchungu unaokaa kooni, shuku kibuyu: kibuyu kipya kisipolowekwa na kukwanguliwa vya kutosha huacha uchungu wa mung'unye ndani ya maziwa.

Makosa yanayorudiwa kila msimu

Kosa la kwanza ni kununua mara tu gari linaposimama. Mwuzaji wa dirishani ana nusu dakika, nawe huna nafasi ya kuonja wala kuuliza. Shuka.

La pili ni kuamini mapambo. Vibuyu vyenye shanga na ngozi nzuri vinavyouzwa kama zawadi kwa watalii vingi vimepakwa vanishi, hata ndani ya shingo. Ni vya ukutani. Kibuyu kinachofanya kazi kina mikwaruzo, kimeshonwa mahali kilipopasuka, na kinanukia moshi hata kikiwa kitupu.

La tatu ni kuidhania ya zamani zaidi kuwa bora zaidi. Zipo hadithi za mursik iliyokaa miezi, na zipo nyumba zinazojua kuitunza hivyo. Mgeni aanze na ya siku tano hadi wiki moja.

La nne ni la walio na haraka ya kujitengenezea: kuchuma senetwet wowote na kufanya majaribio. Yanayotumika ni makaa ya kijiti kikavu kilichoungua vizuri. Majani na maganda ya mti huo ni dawa kali ya kuharisha. Usiyatie kwenye maziwa wala mdomoni.

Na kuna kosa dogo linaloudhi wenyeji kuliko yote hayo: kuomba sukari. Wapo wanaoweka, hasa watoto. Mgeni aonje bila sukari kwanza, kisha aamue.

Suala la afya, bila kutishana

Wengi wanaouliza huishia na swali moja: je, mursik ni salama? Halistahili jibu la nusu.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Kugandisha peke yake si kinga ya kutegemewa. Baadhi ya wazee husisitiza kwamba mursik ya asili ilitokana na maziwa yaliyotoka kiweleni moja kwa moja, na kihistoria wana hoja. Hata hivyo chagua ya maziwa yaliyochemshwa. Tofauti ya ladha ni ndogo. Ugonjwa wa bruselosi si mdogo. Wajawazito, watoto wadogo na wenye kinga hafifu wasibahatishe hapa hata siku moja.

Jambo la pili ni saratani ya umio. Magharibi mwa Kenya ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, na hospitali ya Tenwek, nje kidogo ya Bomet mjini, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatibu wagonjwa wake. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mursik ya magharibi mwa Kenya. Walikuta sampuli nyingi zikiwa na asetaldehidi, kemikali inayoweza kudhuru chembe za mwili, na baadhi zikiwa na kiasi kidogo cha alkoholi. Hilo halimaanishi kwamba mursik ndiyo chanzo cha ugonjwa. Sababu zinazochunguzwa ni nyingi: pombe, tumbaku, hata vinywaji vya moto. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2016, na katika nchi ya chai hilo linamgusa kila mtu kabla hata hajafika kwenye kibuyu.

Kwa vitendo, basi:

- kunywa kikombe, usinywe mtungi;
- epuka iliyochacha hadi kutoa povu na harufu ya pombe;
- usitumie kibuyu chenye ukungu, hata kikioshwa;
- acha chai ipoe kidogo.

Kwa wale ambao maziwa ya kawaida huwajaza gesi, habari ni nzuri kiasi. Vijidudu vya kugandisha hula sehemu ya sukari ya maziwa, na wengi huvumilia mursik vizuri kuliko maziwa ya kawaida. Anza na nusu kikombe.

"Lakini..."

*Lakini makaa si uchafu?* Makaa yaliyotayarishwa vizuri husaidia kuziba vitundu vya kibuyu, kuondoa harufu mbaya na kuleta ladha. Hayafanyi kibuyu kichafu kuwa safi. Ndiyo maana kuosha hutangulia.

*Lakini supamaketi nako zipo chupa zilizoandikwa mursik.* Zipo, na zikiwa na alama ya ubora ya shirika la viwango la KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi, ni chaguo salama kwa mtu asiyetaka mashaka. Soma kibandiko. Kikitaja maziwa, chachu na makaa, una kinywaji kilichotengenezwa kwa kufuata mfano wa mursik. Ladha ya kibuyu hutaikuta, maana kibuyu hakikuwepo.

*Lakini mimi si Mkipsigis, nitaingiaje bomani kwa mtu?* Kwa kuelekezwa na jirani yake, kama ilivyosemwa kwenye kituo cha chai, na kwa kutangulia kupiga simu au kumtuma wa bodaboda. Usifike saa ya kukamua wala usiku. Beba kitu kidogo: majani ya chai yatachekesha, sukari au mkate vitapokelewa. Mara nyingine utakuta mwenyeji anakataa pesa ya kikombe ulichokunywa hapo. Usibishane. Lipia ya kubeba, ile ya kukaribishwa ipokee kama ilivyotolewa.

*Lakini ina maana gani kusumbuka hivi kwa maziwa?* Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alipoleta medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, alitoka katika nchi inayompokea mshindi kwa sotet. Leo kamera huonyesha mwanariadha akinywa kibuyu uwanja wa ndege, naye mtazamaji hudhani ni sarakasi ya utalii. Kile kibuyu kilitoka jikoni kwa mtu, na mtu huyo alikisugua kwa mkono wake. Anayeona hilo ni kidogo anunue mala, hatapungukiwa na kitu.

Kuibeba hadi nyumbani

Hapa ndipo safari nyingi nzuri huharibikia. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni mwendo wa nusu siku, na mursik huendelea kuchacha njia nzima.

Beba chombo chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na chupa ya soda iliyookotwa si chombo cha maziwa. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyochemshwa na kukauka, ndiyo bora. Usiijaze, acha nafasi ya vidole vitatu juu, na kifuniko usikikaze sana, kwa sababu gesi hujikusanya. Abiria mmoja wa matatu ya Bomet aliyepuuza hili alifika Narok akiwa amewanyunyizia jirani zake wawili na mchungaji wa kiti cha mbele.

Ifunge kwa gazeti na kanga, iweke miguuni, mbali na injini na jua la dirishani. Usiiweke kwenye buti la gari pamoja na vitunguu. Ukifika, itie kwenye friji, uitikise kabla ya kunywa, na uimalize ndani ya siku chache. Isigandishwe iwe barafu: ikiyeyuka hujitenga maji na mabonge, na hakuna mtikiso utakaoirudisha.

Mwenyeji akikupa kwa chombo chake, mwulize siku gani atakihitaji. Kioshe kwa maji moto bila sabuni yenye manukato, kikaushe juani, ukirudishe kwa dereva yuleyule wa matatu au uende nacho mwenyewe safari ijayo. Kisirudi kitupu.